Ubongo wa Mtoto Hauna Kasma

Tufungue ramani kabla ya kufungua mjadala. Zika ni msitu ulio karibu na Entebbe, ambako mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano walimkuta tumbili wao wa majaribio ana homa, na ndani ya damu yake virusi ambavyo sayansi ilikuwa haijavijua. West Nile ilikuwa wilaya ya Uganda. Virusi vyenye jina hilo vilitengwa mwaka 1937 kutoka katika damu ya mwanamke mwenye homa. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa mwaka 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi katika shamba moja la Naivasha, Kenya. Chikungunya ni neno la Kimakonde, lenye maana ya kile kimkunjacho mtu, na lilichukuliwa kutoka vinywani mwa wagonjwa wa Newala na vijiji vya jirani katika mlipuko wa 1952 hadi 1953. Hata dengi, wapo wanaoamini kwamba jina lake limetokana na Kiswahili cha Unguja, ambako homa iliyozuka mwaka 1870 iliitwa kidinga popo. (Maelezo ya homa hiyo tuliachiwa na James Christie, daktari Mwingereza aliyekuwa akitibu Unguja wakati huo. Wanasayansi wa karne iliyofuata walipozisoma upya dalili alizoziandika, baadhi yao walisema kwamba ile haikuwa dengi tunayoijua leo bali chikungunya. Yaani Wazungu walichukua jina letu na kulibandika kwenye ugonjwa mwingine.)

Magonjwa haya, basi, ni yetu kwa kuzaliwa na kwa kubatizwa. Yote matano huenezwa na mbu, ingawa Homa ya Bonde la Ufa humfikia mtu pia kwa kugusa damu na mizoga ya mifugo. Na yote matano, kila moja kwa njia yake, yanaweza kuugusa ubongo, uti wa mgongo au neva. Hilo la mwisho ndilo ambalo dola zetu za Afrika Mashariki zimekataa kuliandika. Tunayahesabu kama homa, tena kwa kusuasua, wakati wa mlipuko tu. Hatuhesabu degedege inayofuata, kupooza kunakofuata, wala mtoto anayechelewa kukaa, kutembea na kusema. Nasema kwamba kutohesabu huku si bahati mbaya ya umaskini. Ni uamuzi, na uamuzi una wenyewe.

Miaka michache iliyopita, pembezoni mwa semina, nilimuuliza ofisa mmoja mwandamizi kwa nini madhara ya homa hizi kwenye mfumo wa fahamu hayana mpango wowote wa taifa. Akanijibu kwa upole wa mtu aliyezoea maswali ya wanataaluma: "Daktari, ugonjwa usio na takwimu hauna kasma." Nikamuuliza takwimu hazipo kwa nini. "Kwa sababu hakuna kasma ya kuzikusanya." Hakuwa akitania. Alikuwa ananieleza kwa sentensi mbili jinsi serikali inavyoweza kumfuta mgonjwa bila kumgusa.

Udaktari wangu ni wa vitabu, si wa sindano, na kwa hiyo katika mambo ya tiba nitabaki kwenye yale yaliyothibitishwa na wenye fani yao. Hayo yanatosha.

Virusi vya Zika, vikimpata mama mjamzito, vinaweza kupita kwenye kondo la nyuma na kuzishambulia seli changa ambazo zilikuwa zijenge ubongo wa mimba. Mwishoni mwa 2015 madaktari wa watoto wa Recife, Brazili, walianza kupokea vichanga wenye vichwa vidogo kuliko kawaida, wengi kiasi cha kuwashtua. Kabla ya hapo, katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa mwaka 2013 na 2014, wagonjwa 42 walipata ugonjwa wa Guillain-Barré, ambamo kinga ya mwili hugeuka na kuzishambulia neva za mtu mwenyewe hadi miguu inalegea, na wakati mwingine hata pumzi. Walipopimwa, karibu wote walikuwa na kingamwili za Zika. Dengi nayo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unaiweka hali ya kupotewa na fahamu miongoni mwa alama za dengi kali. Homa ya Bonde la Ufa ina hila yake. Mgonjwa wengi hupona, lakini wachache hupata uvimbe wa ubongo wiki moja hadi nne baada ya dalili za kwanza, wakati jamaa wameshamshukuru Mungu na jalada limeshafungwa. Na wengine hupoteza uwezo wa kuona.

Lakini kisa kinachotuhusu zaidi ni cha chikungunya, kwa kuwa njia yake ilianzia mlangoni petu. Mwaka 2004 ilizuka Lamu; uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Mwaka uliofuata ilikuwa Komoro. Kutoka huko ikavuka hadi kisiwa cha Réunion, ambacho ni ardhi ya Ufaransa, na kufikia 2006 zaidi ya theluthi ya watu wa kisiwa kile walikuwa wameugua. Ni ugonjwa uleule, katika bahari ileile, na watu wake hawapishani sana kwa damu. Tofauti ilikuwa hospitali. Réunion ilikuwa na madaktari wa vichanga, mashine za kupiga picha za ubongo, na maabara zilizoweza kupima virusi katika damu ya mama akiwa katika uchungu wa kujifungua. Kwa sababu hiyo iligunduliwa kwamba mama mwenye virusi damuni wakati wa kujifungua humwambukiza mwanawe katika karibu nusu ya uzazi wa namna hiyo, na kwamba baadhi ya vichanga hao huvimba ubongo. Watoto walioambukizwa wakati wa kuzaliwa walifuatiliwa hadi umri wa miaka miwili hivi, na karibu nusu yao walikuwa nyuma ya wenzao katika ukuaji wa akili na mwili.

Sasa nauliza swali ambalo halihitaji shahada. Watoto wa Lamu waliozaliwa katikati ya mlipuko wa 2004 wako wapi? Leo wana umri wa kuwa wanafunzi wangu. Wale ambao bongo zao ziliguswa, nani aliwapima? Nani aliwafuatilia hadi miaka miwili, achilia mbali 20? Katika kumbukumbu za Réunion mtoto yule ni ushahidi wa kisayansi. Katika kumbukumbu zetu ni mtoto wa fulani aliyechelewa kutembea, na majirani wana maelezo yao kuhusu mama yake.

Yapo mambo machache tuliyoyapima, na kila tulipopima tulikuta. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Waganga waliwaandikia malaria wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7. Maabara iliikuta malaria kuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu. Miongoni mwa 700 waliopimwa virusi vya mbu, 55 walikuwa na chikungunya, ugonjwa ambao haukuwa akilini mwa waliowatibu. Kilifi, watafiti walipopima damu na maji ya uti wa mgongo ya watoto waliolazwa kwa matatizo ya mfumo wa fahamu, waliikuta chikungunya kwa baadhi yao. Kumbuka kwamba hawa ni watoto waliofikishwa kwenye hospitali iliyo ubavuni mwa kituo kikubwa cha utafiti. Zahanati ya kijijini haina bahati ya ujirani huo.

Mwandishi wa makala za namna hii hutarajiwa, akifika hapa, kuwalaumu kina mama kwa kuamini kwamba degedege huletwa na ndege au pepo na kwamba mtoto hufaa kupelekwa kwanza kwa mtaalamu wa jadi. Sitafanya hivyo. Mama anayesema "mtoto ameingiwa na degedege" ameeleza kwa usahihi alichokiona: macho yamepanda juu, mwili umekakamaa, viungo vinarusharusha. Chanzo ndicho asichokijua, na hajawahi kulipwa mshahara ili akijue. Mtaalamu wa jadi alisema ni ndege. Mganga mwenye koti jeupe akasema ni malaria imepanda kichwani. Wote wawili hawakupima, na mmoja wao analipwa na Hazina.

Siku hizi, kwa haki, kipimo cha haraka cha malaria kimeenea, nayo ni hatua kubwa. Lakini tazama kinachotokea kikionyesha kwamba malaria haipo. Mgonjwa hupewa dawa ya kuua bakteria, huambiwa anywe maji mengi, na huandikwa katika kitabu cha MTUHA kwa jina lolote litakalojaza kisanduku. Jibu la "hakuna malaria" lilipaswa kuwa mwanzo wa uchunguzi. Kwetu limekuwa mwisho wake. Kama mtoto yule alitupa viungo usiku, au mtu mzima akaamka miguu haina nguvu wiki mbili baada ya homa, hakuna safu katika kitabu inayoiunganisha siku ile na siku hii. Homa imo kwenye ukurasa mmoja, kupooza kumo kwenye ukurasa mwingine, pengine katika hospitali nyingine ya mkoa mwingine.

Watu wa Mahenge wanaijua adha hii vizuri kuliko mimi. Kifafa kilichowaandama kwa vizazi kilianza kuandikwa na madaktari tangu miaka ya 1960, na ilichukua miongo mingi kabla uhusiano wake na minyoo inayoenezwa na usubi haujachukuliwa kwa uzito unaostahili. Usubi si mbu, na mnyoo si virusi. Ninachokitaja ni muda.

Nimesema kutohesabu ni uamuzi. Nitoe ushahidi.

Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa kutokana na vichwa vidogo na magonjwa ya neva yaliyoambatana na Zika. Dharura hiyo iliondolewa tarehe 18 Novemba mwaka huohuo. Haikupita hata mwezi, katikati ya Desemba 2016, Dkt. Mwele Malecela, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, aliwaambia waandishi wa habari kwamba katika utafiti wa taasisi yake watu 83 kati ya 533 waliopimwa walionekana kuwa na maambukizi ya Zika. Siku iliyofuata Waziri wa Afya alikanusha kuwapo kwa mlipuko wa Zika nchini. Rais akatengua uteuzi wa mkurugenzi. Mfuatano huo hauhitaji mfasiri.

Watetezi wa uamuzi ule walisema matokeo hayakuwa yamethibitishwa. Hoja hiyo ina chembe ya sayansi, nami sitaikwepa. Vipimo vya kingamwili vya Zika huweza kuchanganywa na kingamwili za dengi, maana virusi hivyo ni ndugu. Mtu aliyewahi kuugua kimoja huweza kuonekana ana kingine. Lakini dawa ya kipimo chenye shaka ni kipimo cha pili. Sampuli zilikuwapo, watu 533 walikuwapo, hospitali zenye wodi za uzazi zilikuwapo. Serikali iliyojali ubongo wa kichanga ingesema: rudieni, panueni, tuleteeni jibu kabla ya masika. Sisi tulimwondoa aliyeshika kipimo. Dkt. Malecela alikwenda kuongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa katika Shirika la Afya Duniani, Geneva, hadi alipofariki mwaka 2022. Dunia ilimwona anafaa kuyashughulikia magonjwa yaliyopuuzwa. Nchi yake ilikuwa imeshamfundisha kwa vitendo jinsi yanavyopuuzwa.

Somo lilifika kwa waliobaki. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliongeza hofu kwa kumtia hatiani mtu anayetangaza takwimu zinazozipinga za serikali, na ingawa kifungu hicho kililegezwa mwaka 2019, hofu haifutwi kwa gazeti la serikali. Nawajua watafiti vijana ambao, wakiandaa pendekezo la utafiti, huuliza kwanza kama matokeo "yatakuwa na shida". Mtu anayeuliza hivyo ameshajibu nusu ya maswali yake kabla hajaenda uwandani. Na wakati sisi tunaogopa, Cape Verde na Angola, nchi za bara hilihili, zilikuwa zimeshawaona watoto wao wakizaliwa na vichwa vidogo katika milipuko ya Zika.

Linganisha na New York. Mwaka 1999 virusi vya West Nile, virusi vya wilaya ile ya Uganda, vilizuka katika jiji hilo. Mwanzoni wataalamu wa huko pia walikosea. Walidhani ni ugonjwa mwingine wa ubongo unaofanana nao. Aliyewabishia alikuwa Tracey McNamara, mwanapatholojia wa wanyama katika bustani ya Bronx, aliyeona kunguru na ndege wa bustanini wakifa na akakataa kuamini kwamba vifo vyao na vya watu havihusiani. Hakufukuzwa kazi. Idadi ya waliougua vibaya mwaka ule ilikuwa 62, na waliokufa ni 7. Kwa sababu ya watu hao 62, Marekani ilianzisha mwaka 2000 mfumo wa taifa wa kukusanya taarifa za virusi vya mbu, unaohesabu peke yao wagonjwa ambao maambukizi yamefika kwenye ubongo na neva, na mwaka 2003 ikaanza kupima virusi hivyo katika damu ya kuchangia. Leo wanajua kwamba mtu mmoja hivi kati ya kila 150 walioambukizwa hupata madhara makali ya mfumo wa fahamu. Uganda ilitoa jina. Hesabu ikafanyika kwingine.

Nitaambiwa: Marekani ni tajiri, sisi tuna malaria. Ni kweli malaria inaua, na hakuna mwenye akili anayeomba senti iliyotengwa kwa malaria ihamishwe. Lakini hoja ya umaskini imepungua nguvu tangu UVIKO-19. Mashine za kupima vinasaba vya virusi, ambazo zamani zilikuwa chache mno, zilisambazwa wakati ule. Na mashine nyingine za kundi hilo zilikuwa zimeshafika hospitali za wilaya kwa ajili ya kifua kikuu. Waliofundishwa kuzitumia bado wapo. Kinachokosekana ni agizo kwamba sampuli ya mtoto mwenye degedege asiye na malaria ipelekwe kwenye mashine hizo, vitendanishi vya kuipima, na safu moja katika MTUHA. Kuanzia na hospitali chache za pwani kungetosha: Tanga, Dar es Salaam, Mtwara, Unguja na Pemba. Wengine hunong'ona juu ya watalii. Mtalii husoma taarifa za tahadhari za nchi yake kabla hajakata tiketi, na mara nyingi zinajua kuhusu dengi yetu kuliko diwani wetu. Ukimya wetu haumfichi yeye chochote, unamficha mkunga.

Tena kuna suala la mbu mwenyewe. Tumejenga kampeni nzima juu ya chandarua, na chandarua kimeokoa maisha mengi dhidi ya mbu wa malaria aumaye usiku. Mbu aina ya Aedes, aenezaye dengi, Zika na chikungunya, huuma mchana, wakati mtoto yuko darasani na mama yuko sokoni. Huzaliana katika maji safi yaliyotuama: pipa, ndoo, tairi, kifuu, tangi lisilofunikwa. Kila mlipuko ukizuka tunasikia wananchi wakikaripiwa kwamba hawafuniki maji. Hakuna anayeuliza kwa nini mkazi wa jiji huweka maji ya siku nne ndani ya madumu na mapipa. Huyaweka kwa kuwa bomba hutoka mara moja kwa wiki. Waliochunguza mlipuko wa 1952 waliliona jambo hili: nyanda za Makonde zilikuwa kavu, maji yakichotwa mbali mabondeni na kuhifadhiwa vyomboni ndani ya nyumba, na mbu walikuwa humohumo vyomboni. Zaidi ya miaka 70 baadaye, tumehamisha chungu cha Newala hadi Manzese na Mbagala na kukiita utovu wa usafi.

Kibaha tunacho kiwanda cha viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi wa mbu, kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba. Juni 2017 Rais Magufuli alikitembelea na kuziagiza halmashauri zote zinunue bidhaa zake. Agizo lilitolewa mbele ya kamera, na kwa hiyo halina utata. Utekelezaji wake ndio ungepaswa kuonekana katika vitabu vya halmashauri, na vitabu hivyo, kisheria, si siri.

Wanafunzi wangu walioko likizo mikoani na watumishi wa umma mnaosoma hapa kimyakimya, mabaraza ya madiwani hukaa hadharani. Yatakapojadili bajeti ijayo, nendeni mkaulize mambo mawili, na majibu mnitumie. Mwaka huu halmashauri imenunua lita ngapi za viuadudu vya Kibaha, na zilimwagwa mitaa ipi? Na katika hospitali ya wilaya, watoto wangapi walilazwa kwa degedege, kipimo kikaonyesha hawana malaria, na wangapi kati yao walipimwa kitu kingine chochote?